Uzururaji si kosa, na ‘ni kweli’ si kukiri

Ukiwauliza watu barazani mshtakiwa wa jinai ni nani, watakutajia muuaji, jambazi mwenye silaha, na mkubwa aliyekula fedha za umma. Hao ndio wanaojaa kurasa za mbele. Lakini nenda mahakamani asubuhi ya Jumatatu, iwe Busia, Namanga, Tunduma au katikati ya Kampala, uwatazame wanaoshushwa kwenye karandinga. Utamwona mchuuzi wa soksi. Utamwona utingo wa lori aliyekutwa amelala chini ya gari la tajiri wake, msichana aliyekamatwa akisubiri bodaboda, na kijana aliyeingia mjini juzi na ambaye hata mtaa anaolala bado haujui jina. Mashtaka yao hayajazi mistari miwili: uzururaji, ulevi, usumbufu kwa umma, kuuza bidhaa bila leseni, kukaa nchini bila kibali.

Kwa watu wengi wa ukanda huu, sheria ya jinai ni hayo mashtaka madogo. Mauaji wanayasoma gazetini. Uzururaji unawakuta stendi.

Nitazungumzia hilo moja, uzururaji, kwa sababu linaonyesha kuliko mengine jinsi haki za mshtakiwa zinavyoweza kuandikwa vizuri katika katiba na bado zisimfae mtu.

Kila kosa la jinai lina vipande vyake, na upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha kila kipande bila kuacha shaka ya maana. Wizi una mali iliyochukuliwa, mwenye mali, kitendo cha kuichukua, na nia ya kutoirudisha. Kikikosekana kimoja, wizi hakuna. Shambulio lina aliyepigwa, na mara nyingi lina fomu ya polisi iliyojazwa na daktari. Mshtakiwa ana mahali pa kushika: anaweza kusema mali ilikuwa yangu, au siku hiyo sikuwepo, au anaweza kunyamaza kabisa na kuwaacha waliomshtaki wahangaike na ushahidi wao.

Sasa tazama uzururaji. Sheria ya Uganda ilikuwa na kipengele ambacho kwa maneno ya kawaida kilisema hivi: mtu akikutwa barabarani, karibu na jengo au mahali pa umma, kwa wakati na katika mazingira yanayoonyesha kwamba yuko pale kwa jambo baya, ana hatia. Hapo mwenye mali yuko wapi? Aliyeumizwa ni nani? Kimechukuliwa nini? Kilichopo ni wewe, saa iliyokukuta, na fikra iliyopita kichwani mwa askari alipokuona. Mshtakiwa ana haki ya kuwahoji mashahidi, lakini utamhoji vipi shahidi ambaye ushahidi wake wote ni kwamba alikutilia shaka? Tena shaka yenyewe haiwaangukii watu sawasawa. Mwenye suti anayetembea saa sita usiku anaonekana amechelewa kikaoni. Mwenye ndala anaonekana mzururaji.

Maneno haya hatukuyatunga sisi. Uingereza ilikuwa na Sheria ya Uzururaji ya mwaka 1824, na kutoka huko yalisafiri na watawala hadi makoloni. Mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zilipata kanuni za adhabu zilizofanana kama watoto wa mama mmoja. Kongo nayo, iliyotawaliwa na Wabelgiji, ilikuwa na amri yake ya mwaka 1896 kuhusu uzururaji na uombaji. Kusudi halikufichwa. Mwafrika alitakiwa mjini akiwa na mwajiri. Asiye na mwajiri arudi kijijini au aende shambani kwa mzungu. Uhuru ulipokuja bendera zilibadilishwa, vifungu vikabaki. Wanaokumbuka Dar es Salaam ya mwaka 1983 hawajaisahau kampeni ya Nguvu Kazi, watu walipokamatwa mitaani na kupakiwa kupelekwa mashambani kwa sababu hawakuweza kuonyesha kwamba wana kazi. Serikali ile haikuwa ya kikoloni na nia yake ilikuwa uzalishaji. Ila mtego iliotumia ulikuwa wa zamani.

Mtego huo umeanza kuteguliwa, na majirani zetu wa kusini walitangulia. Mchuuzi mmoja wa Blantyre, Malawi, alikamatwa alfajiri mwaka 2015 akiwa njiani kwenda sokoni na mifuko yake ya plastiki ya kuuza. Akashtakiwa kwa kifungu chenye maneno yale yale ya Uganda. Badala ya kukubali yaishe, alikwenda Mahakama Kuu akisaidiwa na mawakili, na Januari 2017 mahakama ilisema kifungu hicho kinavunja katiba. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikatoa maoni ya kisheria yaliyoombwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Ilisema wazi kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu: zinambagua maskini, zinamvunjia utu wake, zinamnyima uhuru bila sababu, na zinamtia hatiani kwa hali aliyonayo badala ya jambo alilotenda. Nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikakibatilisha kile kipengele cha kukutwa mahali pabaya kwa wakati mbaya.

Ungedhani basi, yamekwisha. Hayajakwisha. Uganda ilibaki na kifungu jirani cha uzembe na fujo, na hati za mashtaka zina njia ya kuhama kutoka kifungu hadi kifungu: Julai 2024 vijana walioandamana Kampala kupinga ufisadi walijikuta wakishtakiwa kwa usumbufu kwa umma. Tanzania, ambayo ndiyo mwenyeji wa mahakama ya Arusha, bado ina vifungu vya uzembe na uzururaji katika Kanuni ya Adhabu. Kenya iliondoa Sheria ya Uzururaji katika mabadiliko ya mwaka 1997, lakini askari wa kaunti hawakuondoka, wala sheria ndogo za mji. Na maoni ya Arusha ni maoni. Hayabebi amri ya kutekelezwa kama hukumu. Tena raia wa Rwanda au Tanzania akitaka kwenda mwenyewe mbele ya mahakama hiyo leo hawezi, kwa kuwa Rwanda mwaka 2016 na Tanzania mwaka 2019 zilitangaza kuondoa ridhaa yao ya wananchi kuzishtaki moja kwa moja.

Kwa nini shtaka bovu namna hii linadumu? Wengi watakujibu ni ukaidi wa serikali. Mimi naona sababu kubwa ni kwamba karibu hakuna anayelipinga, na asiyelipinga ana hesabu zake. Akikana, shauri litapangiwa tarehe nyingine. Hana mdhamini karibu, kwa hiyo atasubiri rumande, pengine siku nyingi kuliko kifungo chenyewe. Akikubali, atapigwa faini, ndugu watachangishana, jioni yuko nyumbani. Kila aliyemo selini anaijua hesabu hiyo na anamfundisha mgeni: kubali, uende. Nani atamlaumu? Lakini kila anayekubali anaongeza hukumu moja kwenye takwimu za polisi, na kifungu kinaendelea kuonekana kina kazi.

Gharama huja baadaye. Alama za vidole zimechukuliwa. Mwaka mmoja au miwili mbele kijana anatafuta kazi ya ulinzi, au binti amepata wakala wa kumpeleka kazi Ghuba, na wote wawili wanadaiwa cheti cha polisi cha tabia njema. Ndipo faini ile ndogo inaporudi na jina jipya: umewahi kutiwa hatiani.

Hapa ndipo lugha yetu inapoingia. Hakimu anasoma shtaka, au karani analisoma, kisha mshtakiwa anaulizwa kama ni kweli. Anajibu, “Ni kweli, mheshimiwa, nilikuwa nimesimama pale, namsubiri binamu yangu atoke kazini.” Kwenye jalada yanaandikwa maneno mawili tu: ni kweli. Hatia imepatikana. Lakini mtu huyu amekubali nini? Amekubali kwamba alisimama. Nusu ya pili ya sentensi, iliyoachwa nje ya jalada, ndiyo utetezi wake wote. Na wapo wasiosema hata hayo, wanaosema “naomba msamaha” tu. Anayejua malezi yetu anajua kwamba mtu aliyefunzwa adabu huomba msamaha mbele ya mkubwa hata pale alipokanyagwa yeye. Samahani ya Mswahili haijawahi kuwa ungamo.

Juu ya jambo hili tuna sheria nzuri, na ni ya kwetu. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyohudumia Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, iliamua shauri la Adan dhidi ya Jamhuri. Ikaweka utaratibu wa kupokea jibu la mshtakiwa. Shtaka na vipande vyake vyote aelezwe kwa lugha yake au lugha anayoielewa. Maneno yake yaandikwe, kadiri inavyowezekana, kama alivyoyasema mwenyewe. Mwendesha mashtaka kisha aeleze tukio lilivyokuwa, na mshtakiwa apewe nafasi ya kukataa au kufafanua. Akisema lolote linaloonyesha kwamba huenda hana hatia, jibu lake libadilishwe liwe la kukana, na shauri lisikilizwe. Jumuiya ya zamani ilivunjika mwaka 1977 na mahakama ile ikaenda nayo, lakini utaratibu wake haukuvunjika. Hadi leo mahakama za rufani katika nchi hizi zinaurejea zinapofuta hukumu za watu ambao “kukiri” kwao hakukuwa kukiri. Tunapohesabu mali zilizosalia kutoka Jumuiya ile, tunazoea kutaja reli, bandari na ndege. Hii nayo ihesabiwe.

Tatizo ni kwamba rufaa ni ya mwenye wakili na muda. Aliyelipa faini akaenda zake harudi kudai kwamba jalada liliandikwa vibaya. Kwa hiyo utaratibu wa mwaka 1973 unawalinda zaidi wenye makosa makubwa, ambao hufika mbali, na unawapita wenye makosa madogo ambao ndio wengi.

Ongeza mpaka wa nchi, mambo yanakuwa mazito. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatuambia tuvuke tufanye kazi na biashara. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaweza kuvuka kwenda nchi za wenzao kwa kitambulisho cha taifa tu. Lakini haki zako ukishikwa zinabadilika ulipogongewa muhuri. Kenya na Sudan Kusini polisi wana saa 24 za kukufikisha mahakamani. Tanzania nako kipimo ni saa 24, na zikipita kwa kosa lisilo la kifo mkuu wa kituo anatakiwa akupe dhamana. Uganda ni saa 48, na Kongo hivyo hivyo. Rwanda mpelelezi anaweza kukaa nawe siku 5 kabla ya kukukabidhi kwa mwendesha mashtaka. Burundi ni siku 7, zinazoweza kurudiwa mara moja. Dereva anayepakia Mombasa na kushusha Bujumbura amebeba haki ya saa 24 asubuhi na kufika na ya siku 7.

Lugha yenyewe nayo ina mitego. Kiswahili kinatufikisha mbali, lakini Mtanzania akikamatwa Bukavu akaambiwa anapelekwa parke, anaweza kudhani ni bustani ya wanyama, kumbe ni ofisi ya mwendesha mashtaka. Mkongo aliyezoea kashoo hajui kama rumande ni nyumba au adhabu. Katiba za Kenya na Uganda zinampa mshtakiwa mkalimani bila malipo, na Tanzania tangu mwaka 2021 imefanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Hilo la Tanzania lilikuwa jambo kubwa ambalo halijasifiwa vya kutosha nje ya nchi hiyo. Hati ya mashtaka ambayo mshtakiwa anaweza kuisoma mwenyewe inapunguza hizi “ni kweli” za bahati mbaya kuliko semina kumi za haki za binadamu.

Kisha dhamana. Kwenye karatasi, mgeni na mwenyeji wana haki sawa ya dhamana kwa makosa madogo. Mezani kwa polisi au hakimu wanadaiwa mdhamini mwenye makazi yanayojulikana, na barua: ya serikali ya mtaa Tanzania, ya mwenyekiti wa kijiji Uganda, ya chifu Kenya. Mama wa Goma aliyekuja Kariakoo kununua vitenge ataipata wapi barua ya mtaa? Basi anakaa ndani kwa kosa ambalo jirani yake wa selini, mzaliwa wa Mbagala, ametoka saa mbili tu baada ya kuingia. Katiba ya Kenya ina kifungu kizuri kinachokataza kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi 6. Ningependa kukiona kifungu hicho kikivuka mpaka kama bidhaa nyingine za Kenya zinavyovuka. Kwa makosa ya kiwango hicho, nakala ya kitambulisho cha nchi yoyote ya Jumuiya na namba ya simu ya chama cha wafanyabiashara au cha madereva vingetosha kuwa udhamini. Nchi zinazoaminiana kuhusu stakabadhi za shehena ya mafuta haziwezi kushindwa kuaminiana kuhusu mtu aliyeuza soksi bila leseni.

Nimewasikia wanaosema bila uzururaji polisi watafungwa mikono. Hoja hii haisemwi na polisi peke yao. Mwenye duka aliyevunjiwa mara tatu anataka askari amuulize kijana anayezunguka saa nane usiku, na mimi singemwita mkandamizaji. Lakini kuuliza si kushtaki. Askari hahitaji kifungu cha uzururaji ili apite doria, asalimie, aulize mtu anakwenda wapi. Akimkuta mtu na mtaimbo wa kuvunjia, sheria zina kosa la kupatikana na vifaa vya kuvunjia. Akimkuta dirishani, kuna jaribio la kuvunja. Akiwasikia wawili wakipanga, kuna kula njama. Yote hayo yana vipande vya kuthibitisha. Uzururaji unapendwa kwa kuwa hauna. Na mwenye duka afikirie hili pia: usiku ambao karandinga limejaa wachuuzi na wasubiri bodaboda, askari wanaandika majina kituoni badala ya kuzunguka mtaani kwake.

Kinachotakiwa hakihitaji mkutano wa marais. Mwanasheria Mkuu katika kila nchi anaweza kuwasilisha bungeni muswada wa kurasa mbili unaofuta vifungu vya uzururaji na vile vya uzembe vinavyoadhibu hali ya mtu. Mkurugenzi wa mashtaka anaweza, hata kabla ya muswada, kuwaagiza mawakili wake wasizipeleke hati hizo mahakamani. Jaji Mkuu anaweza kuwatumia mahakimu waraka unaowakumbusha utaratibu wa mwaka 1973 kwa mashtaka ya faini, kama unavyofuatwa kwa mashtaka ya kifungo. Bunge la Afrika Mashariki nalo lina makao yake Arusha, mji ule ule yalikotolewa maoni ya mwaka 2020. Kuyaleta mezani hakuhitaji nauli.

Wakati wakubwa wanatafakari, atakayeshikwa usiku wa leo ana machache ya kushika. Aulize kosa analoshukiwa nalo, aambiwe kwa lugha anayoijua. Ataje jina lake na makazi yake, mengine anaweza kuyanyamazia hadi apate wa kumshauri. Dhamana ya polisi hainunuliwi. Fedha ikiwekwa kama amana ina risiti na inarudishwa shauri likiisha. Aliye nje ya nchi yake ana haki, kwa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Na akifika kizimbani, akiwa anataka kueleza alichokuwa anafanya pale, asianze na “ni kweli”. Aanze na “si kweli”, kisha amwombe hakimu aiandike sentensi yake yote mpaka nukta.